Samuel Orton: Tabibu Aliyewatetea Watoto Walioitwa Wajinga

Kila mji haukosi mtoto anayeambiwa kuwa ni mzito wa kichwa. Msimulie hadithi, ataishika yote. Mpe saa mbovu, ataifungua na kuifunga. Lakini mwekee kitabu mbele yake, kijasho humtoka. Zamani bakora ndiyo iliyokuwa dawa yake. Mmoja wa waliokataa kuwahukumu watoto hao kwa pupa ni Dakta Samuel Torrey Orton wa Marekani.

Orton alizaliwa mwaka 1879 mjini Columbus, jimbo la Ohio. Babake alikuwa bingwa wa elimu ya miamba na rais wa kwanza wa chuo kikuu cha jimbo hilo. Mwana alichagua utabibu, akahitimu mwaka 1905, akajishughulisha na uchunguzi wa maradhi ya ubongo.

Baadaye alikabidhiwa hospitali ya maradhi ya akili mjini Iowa City. Mwaka 1925 yeye na wasaidizi wake walifungua kliniki ya muda katika wilaya ya Greene, wakawaomba waalimu wawaletee wanafunzi walioshindwa na masomo. Miongoni mwao alikuwamo kijana wa miaka 16 ambaye hakuwahi kujua kusoma. Mtihani wa akili ulimweka chini sana. Lakini Orton alipozungumza naye habari za mashine, alimwona ni mwerevu. Akatambua kuwa ila ilikuwa katika kipimo, wala si katika akili ya kijana.

Matabibu wa Ulaya walikwisha kuiona hali hiyo, wakaiita upofu wa maneno. Orton hakuridhika na jina hilo, kwani macho ya watoto hao yalikuwa mazima. Aliwaona wakigeuza b kuwa d, na wengine wakisoma neno kinyumenyume. Leo hali hiyo huitwa disileksia. Yeye alidhani chanzo ni pande mbili za ubongo kushindania uongozi. Utafiti wa baadaye haukumuunga mkono. Umeonyesha kwamba kwa wengi shida kubwa ni kuoanisha sauti na herufi.

Hata hivyo, tiba yake ilidumu. Alishauri mtoto afundishwe hatua kwa hatua: herufi aione, aisikie, aitamke na kuiandika kwa mkono wake, yote kwa pamoja. Mwalimu Anna Gillingham na mwenzake Bessie Stillman waliyapanga mafunzo hayo katika kitabu cha waalimu miaka ya 1930, na hadi leo njia hiyo inaitwa Orton-Gillingham. Aliyepitia chuoni hatastaajabu, maana anajua jinsi be, te na the zinavyotofautiana kwa nukta tu, na jinsi maalimu mwenye subira anavyomshika mtoto kidole akifuata herufi huku akiitamka.

Orton alifariki mwaka 1948. Mwaka uliofuata mjane wake, June, na wenzake waliunda chama kwa jina lake, ili kuwaelimisha waalimu na kuwatetea watoto hao. Tangu 1997 kinajulikana kama Chama cha Kimataifa cha Disileksia.

Basi ewe mzazi, mwanao akishindwa na kitabu, usimwite mjinga. Kaa naye, msikilize anavyosoma, kisha umwone mwalimu wake mshauriane mapema. Matusi hayajamfundisha mtu kutenganisha b na d.