Mzee Kitereza na Deni Tunalodaiwa

Wananchi wa Ayalandi waliotawanyika ulimwenguni kwa sababu ya njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 waliondoka na lugha yao, lakini ugenini wengi waliipoteza. Kama wajukuu wao wanaweza leo kujifunza lugha na hadithi za kwao, ni kwa kuwa walikuwapo watu kama Douglas Hyde, aliyezikusanya hadithi hizo vijijini, na mwaka 1893 akashirikiana na wenzake kuunda chama cha kuitetea lugha yao. Sisi wa Ziwa Viktoria tulikuwa na mtu wa namna hiyo. Tunaona ni wajibu wetu kuwakumbusha wenzetu wa visiwani, pamoja na viongozi Serikalini, habari za maisha yake.

Marehemu Mzee Aniceti Kitereza alizaliwa kisiwani Ukerewe mwaka 1896, katika ukoo wa watawala wa kisiwa hicho. Baba yake alifariki yeye angali mtoto. Alisomeshwa na wamisionari, kwanza Kagunguli, kisha katika seminari ya Rubya, katika sehemu ambayo leo ni Mkoa wetu wa Kagera. Huko alijifunza lugha za kigeni, kikiwamo Kilatini, lakini elimu hiyo haikumfanya aidharau lugha ya mama yake. Yeye na mkewe walijaliwa watoto, ila hakuna aliyewabakia.

Aliona wazi kwamba mila za Wakerewe zilikuwa zikififia. Basi akaandika kwa Kikerewe kisa kirefu cha Myombekere na mkewe Bugonoka, watu wawili waliopendana na kuhangaika kupata mtoto. Ndani yake aliweka kilimo, uvuvi, dawa za miti shamba, upishi wa pombe ya ndizi, posa na mazishi, ili kizazi kijacho kisome na kujitambua. Aliumaliza mswada huo mwaka 1945.

Hapo ndipo mateso yake yalipoanza. Padre Almas Simard kutoka Kanada alimtia moyo na kuufasiri mswada kwa Kifaransa, lakini mchapaji hakupatikana, kwani wasomaji wa Kikerewe walihesabiwa kuwa wachache mno. Miaka ikapita. Akiwa mzee, maskini na mgonjwa wa viungo, Kitereza aliketi akaifasiri kazi yake yote kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikitoa kitabu mwaka 1980, yaani baada ya miaka 35. Mwaka 1981 mwandishi alifariki kabla nakala hazijamfikia mkononi. Baadaye kitabu kilifasiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 2002 kikatoka kwa Kiingereza kwa kazi ya Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe.

Wapo watakaosema kuwa kuzishughulikia lugha za makabila ni kukidhoofisha Kiswahili. Maisha ya Mzee Kitereza yanakanusha hoja hiyo, kwa maana ni Kiswahili kilichomwokoa, na Kikerewe ndicho kilichokitajirisha Kiswahili.

Huku Mabawe, wilayani Ngara, Kihangaza kina hadithi zake na mafumbo yake. Tangu enzi za ukoloni watu wa Ngara wamevuka mpaka kwenda Uganda kutafuta kazi, na wengine hawakurudi. Wajukuu wao wakitaka kujua asili yao, watasoma nini? Yeyote atakayewajibu atahitaji maandishi, na mwenye kuyatoa maandishi hayo ni mzee aliye hai leo.

Kwa hiyo tunawaomba Maafisa Utamaduni, wa bara na wa visiwani, wawatembelee wazee, wayaandike wanayoyajua, na wahakikishe nakala zinafika shuleni. Mswada ulioko mikononi mwa mzee usiachwe ungoje miaka 35 mingine. Mwenye haki ya kwanza ya kukishika kitabu ni yule aliyekiandika.