Vasey: Waziri aliyesaidia kuleta soko la hisa Nairobi

MFUGAJI wa Bute, kaskazini mwa Wajir, anapompeleka ng'ombe mnadani bila kujua bei za masoko mengine, dalali ndiye mwamuzi. Wauza hisa wa Nairobi nao waliwahi kuwa katika giza hilo, kabla ya Sir Ernest Vasey.

Vasey alizaliwa Uingereza mwaka wa 1901, akahamia Kenya 1936. Alikuwa meya wa Nairobi mara mbili, kisha akasimamia Wizara ya Fedha katika miaka ya 1950.

Tangu miaka ya 1920, hisa ziliuzwa bila soko rasmi wala kanuni. Bei ilikuwa mapatano ya muuzaji na mnunuzi. Mnamo 1951 Francis Drummond alianzisha kampuni ya udalali wa hisa, akamshawishi Vasey kuhusu haja ya soko. Julai 1953 wawili hao waliwaendea wakuu wa Soko la Hisa la London, wakakubaliwa. Soko la Nairobi likaundwa 1954.

Hata hivyo, Waafrika na Waasia walizuiwa kununua hisa humo hadi baada ya uhuru wa 1963.

Fahirisi ya kampuni 20 huanzia pointi 100 za mwaka 1966: ikifika 150, thamani imepanda kwa nusu.

Vasey, aliyekuwa pia Waziri wa Fedha wa Tanganyika, alifariki 1984. Bei ilitoka gizani, lakini mlango ulichelewa kufunguliwa kwa wote.