Stefanie Zweig: Mtoi wa Kiyahudi Aliyehepa Hitler, Akakulia Ol Joro Orok, Stori Yake Ikabeba Oscar

Wasee, kuna filamu ya Kijerumani iliyoshinda Oscar mwaka 2003, na karibu yote inatokea hapa Kenya. Inaitwa Nirgendwo in Afrika, yaani Hakuna Popote Afrika. Mpishi wa hiyo stori, Owuor, ameigizwa na Mkenya mwenzetu, marehemu Sidede Onyulo, na Kiswahili kinabongwa ndani kama kawa. Lakini mwandishi aliyetunga kitabu chenyewe, Stefanie Zweig, wengi wetu hatumjui. Leo tumpe haki yake.

Alizaliwa tarehe 19 Septemba 1932 huko Leobschütz, mji uliokuwa Ujerumani enzi hizo, leo uko Poland. Fathe alikuwa wakili. Familia ilikuwa ya Kiyahudi, lakini walijiona Wajerumani tu kama majirani wao. Halafu 1933 Hitler akashika serikali na sheria zikaanza kudondoka moja baada ya nyingine: Myahudi asifanye kazi ya serikali, asioe Mjerumani, asitetee kesi kortini. Ndani ya miaka mitano, digrii ya mzae ilikuwa karatasi tu.

1938 wakahepa. Nchi nyingi zilikuwa zimewafungia Wayahudi milango, lakini Kenya ilikuwa na mwanya mdogo. Wayahudi wa Nairobi, ambao tayari walikuwa na sinagogi yao mjini, waliwasaidia wakimbizi kama hao kuingia. Stefanie alikuwa na miaka mitano.

Hapa watu wa Tongaren na Kitale shikeni viti. Hiyo haikuwa mara ya kwanza Wayahudi kutajwa pande zetu. Mwaka 1903 waziri wa Uingereza Joseph Chamberlain alimpa Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayoni, ofa ya ardhi ya Uasin Gishu, Wayahudi waje wajenge makao huku. Watu watatu wakatumwa kukagua. Mkutano wao wa 1905 kule Basel ukakataa. Wenyeji waliokuwa wakiishi hapo hawakuulizwa chochote. Kwa hivyo miaka 33 baadaye, familia ya Zweig ilifika nchi ambayo karibu igeuzwe makao ya Wayahudi, na wao hawakuwa na hata kipande cha shamba.

Wakili akageuka msimamizi wa shamba la mzungu mwingine. Kwanza Rongai, karibu na Nakuru, kisha Ol Joro Orok, Nyandarua. Mshahara mdogo, mathe ana mawazo, barua kutoka Ujerumani zinazidi kuwa chache.

Vita vilipoanza Septemba 1939, mambo yakawa noma zaidi. Waingereza waliwakamata wanaume Wajerumani wote kama maadui, hata Wayahudi waliokuwa wamemkimbia Hitler. Kina mama na watoto wakawekwa kwenye hoteli Nairobi wakichungwa. Yaani Ujerumani uliambiwa we si Mjerumani, ukifika Kenya unafungwa kwa sababu we ni Mjerumani.

Mtoi naye alikuwa ameshajipata. Nyumbani Kijerumani, shule ya bodi Kiingereza, shambani Kiswahili na Kikuyu. Hiyo ndiyo hali aliyompa Regina, msichana wa kitabu chake. Kwenye filamu, wanafunzi Wakristo wakisali shuleni, watoto wa Kiyahudi wanatolewa kando na kusimama peke yao. Kwa Owuor hakuna wa kumtoa kando. Ndiyo maana wazazi wanalilia Ujerumani na Regina anaona kwao ni hapo jikoni.

Wakati huo ndugu wa karibu waliobaki Ulaya walikuwa wakiuawa. Fathe akaingia jeshi la Uingereza. Mwaka 1946 akazaliwa kaka mdogo, Max, hapa Nairobi. Kisha 1947 mzae akafanya uamuzi ambao Wayahudi wengi waliapa hawatafanya: akarudi Ujerumani, akawa jaji Frankfurt. Stefanie alikuwa na miaka 14. Akapelekwa nchi iliyoua watu wake, akaambiwa hapo ndipo kwao.

Alisoma, akawa mwanahabari, na kuanzia 1963 hadi 1988 akaongoza kurasa za sanaa za gazeti moja la Frankfurt, Abendpost/Nachtausgabe. Kenya haikumtoka. Mwaka 1980 alitoa riwaya ya vijana, Ein Mund voll Erde, iliyowekwa huku kwetu. Kisha 1995, akiwa kwenye sitini hivi, ikatoka Nirgendwo in Afrika. Mwaka uliofuata akaendeleza na Irgendwo in Deutschland, kuhusu kurudi kwenye miji iliyobomoka na majirani waliojifanya hawakuona kitu.

Kwenye Nirgendwo, wakili Walter anampa Owuor joho lake jeusi la kortini. Nguo iliyomfanya awe mtu kule Ujerumani, na sheria ikamvua, sasa inavaliwa na mpishi Mluo ambaye naye, kwa sheria za mkoloni, hakuruhusiwa kumiliki shamba kwenye zile nyanda za wazungu. Watu wawili waliokataliwa na sheria, joho moja.

Kasoro ipo, tuseme ukweli. Owuor tunamwona kwa macho ya mtoto anayempenda. Ana hekima na ucheshi, lakini kwake, kwa wake zake na watoto wake, hatufiki kabisa. Msomaji wa Naitiri au Ndalu, ambaye guka wake alipata shamba baada ya uhuru mashamba ya wazungu yalipokatwa vipande, atauliza: na huyu Owuor, kwao palikuwa wapi wakati huo wote?

Stefanie hakumaliza hilo swali hata kwa upande wake. Kitabu cha maisha yake cha mwaka 2012 alikiita Nirgendwo war Heimat, yaani Hakuna Mahali Palikuwa Nyumbani. Alifariki Frankfurt tarehe 25 Aprili 2014, akiwa na miaka 81. Alizaliwa Myahudi, akaitwa Mjerumani na mkimbizi kulingana na nani alishika kalamu.

Ukipata bando wikendi, tafuta hiyo filamu. Halafu muulize guka shamba lenu lilikuwa la nani kabla yenu, na nani alikuwepo kabla ya huyo.