Bibi Harriet Stowe, Mwandishi na Mama wa Watoto Saba

Harriet Beecher alizaliwa tarehe 14 Juni mwaka 1811 katika mji wa Litchfield, nchini Marekani. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Mama yake alifariki Harriet akiwa na umri wa miaka mitano. Nyumba yao ilikuwa na watoto wengi na vitabu vingi, na Harriet alipenda kusoma tangu utoto.

Mwaka 1832 familia yao ilihamia Cincinnati. Mji huo uko kando ya mto mkubwa uitwao Ohio. Upande mmoja wa mto utumwa ulikuwa umekatazwa. Upande wa pili, katika jimbo la Kentucky, watu weusi walikuwa watumwa. Waliuzwa na kununuliwa kama mbuzi. Mambo hayo hayakuwa mageni katika pwani yetu pia, maana soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Huko Marekani watumwa wengine walitoroka, wakavuka mto Ohio na kujificha. Harriet alisikia habari zao akiwa pale Cincinnati.

Mwaka 1836 aliolewa na Calvin Stowe, mwalimu katika chuo cha wachungaji. Bwana Stowe alikuwa msomi mkubwa, lakini mshahara wake ulikuwa mdogo. Mwaka huo huo Bibi Harriet alijifungua mapacha, wasichana wawili. Watoto wengine wakafuata. Katika muda wa miaka 14 alizaa watoto saba.

Kina mama wanaosoma kitabu hiki hawana haja ya kuelezwa kazi ya watoto saba. Kuna kupika, kufua, kushona nguo na kuuguza. Pamoja na kazi hizo, Bibi Harriet aliandika hadithi fupi na kuzipeleka kwenye magazeti. Magazeti yalimlipa fedha kidogo. Hakuona haya kumwambia rafiki yake kwamba aliandika ili apate fedha. Kwa fedha hizo aliweza kumlipa mtumishi wa kumsaidia kazi za nyumbani. Mtumishi akifanya kazi, yeye alipata saa chache za kuandika tena.

Rafiki yake mmoja alisimulia jinsi mambo yalivyokuwa. Siku moja mhariri, yaani mkubwa wa gazeti, alikuwa anangoja mwisho wa hadithi. Bibi Harriet alisema hataweza, maana ilikuwa siku ya kuoka mikate na kazi za nyumba zilikuwa tele. Rafiki hakukubali. Alikaa jikoni, akashika kalamu na karatasi. Bibi Harriet alikuwa mezani penye unga na mayai. Akawa anasema maneno ya hadithi, na rafiki anayaandika. Wakiwa katikati ya maneno ya huzuni, mtumishi aliuliza habari ya mikate na maharage. Bibi Harriet alimjibu, kisha akaendelea na hadithi pale pale alipoachia.

Habari hii inachekesha kidogo. Lakini yeye mwenyewe hakupenda kuandika hivyo. Mwaka 1842 alimwandikia mumewe barua. Alisema kwamba, kama ni lazima aandike, basi apate chumba chake mwenyewe. Bwana Stowe hakumkataza kuandika. Alimwambia ana kipaji, akamhimiza aendelee. Wanaume wengi wa wakati ule wasingesema hivyo.

Mwaka 1849 kipindupindu kiliingia Cincinnati. Siku hizo watu hawakujua kwamba ugonjwa huo huenezwa na maji machafu. Bwana Stowe alikuwa mbali, katika jimbo la Vermont, akitibiwa. Bibi Harriet alimzuia asirudi, kwa kuwa aliogopa naye ataugua. Akabaki peke yake na watoto. Mdogo wao wa mwisho aliitwa Charley. Alikuwa na umri wa miezi 18. Kipindupindu kikamshika. Mama alimwona akiteseka, asiweze kumsaidia. Mwezi wa Julai mtoto akafa.

Baadaye Bibi Harriet alieleza kwamba kifo cha Charley kilimfundisha jambo. Alijua sasa uchungu wa mama mtumwa anaponyang'anywa mtoto wake na kuuzwa mbali.

Mwaka 1850 Bwana Stowe alipata kazi katika chuo cha Bowdoin, mjini Brunswick. Mji huo uko mbali sana na Cincinnati, tena una baridi kali. Bibi Harriet alitangulia kwenda huko akiwa mjamzito, pamoja na baadhi ya watoto. Mwezi wa Julai alijifungua mtoto wa saba, mvulana. Walimwita Charles.

Mwezi wa Septemba mwaka huo serikali ya Marekani ilitunga sheria mbaya. Mtumwa aliyetoroka akikamatwa, hata katika jimbo lisilo na utumwa, alipaswa kurudishwa kwa bwana wake. Mtu aliyemsaidia aliweza kutiwa kifungoni. Wifi yake Bibi Harriet, mke wa kaka yake Edward, alimwandikia barua. Alimwomba aandike jambo ambalo litaifanya nchi nzima ione ubaya wa utumwa. Bibi Harriet alijibu kwamba mtoto bado analala naye usiku, kwa hiyo hawezi kufanya mengi. Lakini aliahidi kwamba ataandika.

Aliitimiza ahadi yake. Mwezi wa Machi mwaka 1851 alimwarifu mhariri wa gazeti la National Era, lililotolewa mjini Washington, kwamba anaandika hadithi juu ya watumwa. Alidhani hadithi itakwisha katika matoleo matatu au manne. Sura ya kwanza ilitoka tarehe 5 Juni 1851. Hadithi iliitwa Uncle Tom's Cabin, maana yake ni Kibanda cha Mjomba Tom. Ni habari ya Tom, mtumwa mwenye mke na watoto. Bwana wake alikuwa na deni, akamwuza. Ni habari pia ya Eliza, mama aliyekimbia na mtoto wake asiuzwe, akavuka mto Ohio kwa kurukaruka juu ya mabonge ya barafu.

Gazeti lilitoka kila juma, na kila juma wasomaji walingoja sura mpya. Matoleo matatu au manne yakapita, hadithi bado. Ikaendelea kwa muda wa miezi kumi. Mtoto akiugua au asiugue, mpishi akiwapo au asiwepo, sura ilipaswa kwenda posta, maana Washington ni mbali na Brunswick. Mara chache ilichelewa, gazeti likatoka bila sura, na mhariri akalazimika kuwaeleza wasomaji.

Hapo ndipo dada yake aliposaidia. Jina lake Catharine. Alikuwa mwalimu, hakuwa na mume wala watoto. Alikuja Brunswick akashika nyumba yote, watoto, jiko na hesabu. Kila siku saa mbili asubuhi, baada ya chakula na sala, aliwatoa nyumbani Bwana Stowe na mkewe. Aliwapeleka wote wawili kwenye chumba cha Bwana Stowe pale chuoni. Catharine aliona hakuna njia nyingine, maana Bibi Harriet akibaki nyumbani atashikwa na kazi za watoto. Wanaosifu kitabu hiki humtaja Harriet tu. Mimi naona Catharine naye anastahili kutajwa.

Kitabu kilichapwa mjini Boston tarehe 20 Machi 1852, kabla sura ya mwisho haijatoka gazetini. Katika juma la kwanza vilinunuliwa vitabu 10,000. Katika mwaka wa kwanza vilinunuliwa 300,000 nchini Marekani peke yake. Gazeti lilikuwa limemlipa Bibi Harriet dola 300. Kitabu kilimpatia dola 10,000 katika miezi mitatu. Huko Uingereza kilinunuliwa zaidi, lakini wachapaji wengi wa huko hawakumlipa kitu.

Wenye watumwa walikichukia sana kitabu hicho. Hata Wamarekani weusi hawakukisifu wote. Wengine walisema Tom amefanywa mnyenyekevu kupita kiasi, na hadi leo Mmarekani mweusi hukasirika akiitwa kwa jina hilo. Pamoja na hayo, kitabu kiliwafanya watu wengi wauchukie utumwa. Utumwa ulikomeshwa katika nchi yote ya Marekani mwaka 1865, baada ya vita vya miaka minne.

Fedha zilipatikana, lakini kazi haikupungua. Kulikuwa na nyumba ya kutunza na watoto wa kusomesha, na baadaye Bwana Stowe aliacha kufundisha. Nyumba ikategemea kalamu ya mkewe. Karibu kila mwaka alitoa kitabu, na jumla yake ni kama 30. Misiba nayo haikumwacha. Mwaka 1857 mwanawe Henry, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo, alizama mtoni akafa. Mwana mwingine, Frederick, alijeruhiwa vitani mwaka 1863. Baada ya vita alishikwa na ulevi. Alisafiri hadi San Francisco, na tangu hapo hakuonekana tena.

Wale mapacha hawakuolewa. Walikaa na wazazi wao, wakaendesha nyumba, wakamsaidia mama yao kujibu barua. Charles, yule mtoto aliyelala na mama yake usiku, alikuwa mchungaji. Mwaka 1889 alitoa kitabu cha maisha ya mama yake.

Bibi Harriet Stowe alifariki mjini Hartford tarehe 1 Julai 1896, akiwa na umri wa miaka 85. Alizikwa Andover, karibu na kaburi la mumewe na la mwanawe Henry.