Bentley, Mkulima Aliyeihifadhi Theluji

Mwaka huu Chama chetu cha Kiswahili kiliamua kutengeneza kadi za Krismasi kwa mkono na kuziuza ili tupate fedha za kuchapisha gazeti hili. Kila mtu alipewa sehemu yake. Kuna waliopewa kuandika salamu, kuna waliopewa kukata karatasi za manila, na mimi nikapewa kuweka theluji inayometameta. Jameni! Mimi ambaye theluji nimeiona kwa mbali tu, juu ya Mlima Kenya, asubuhi zile ambazo mawingu hayajaufunika.

Hata hivyo sikukataa. Nilichora nyota za theluji kwa rula, kila nyota miale minane. Nikapaka gundi ya unga wa ngano, halafu nikanyunyizia sukari. Zilipendeza kweli. Nilizipanga chini ya kitanda zikauke, nikalala usingizi wa pono. Kulipokucha nilikuta sisimizi wamepiga foleni kutoka dirishani hadi kwenye kadi. Ishirini zilikuwa zimeharibika kabisa. Baba alipita mlangoni, akatazama, akanung'unika kwamba mtu wa Kidato cha Tatu anacheza na sukari badala ya kusoma. Sikuwa na la kujibu.

Kadi chache zilizosalia nilimpelekea mwalimu wetu wa fizikia anishauri. Aliigeuzageuza moja, akatabasamu, akaniambia kwamba sisimizi si kosa kubwa. Kosa kubwa ni miale. Nyota ya theluji haina miale minane, ina sita. Nilimuuliza amejuaje naye hajawahi kukanyaga nchi ya theluji. Ndipo aliponitajia mtu mmoja anayeitwa Wilson Bentley. Nilikwenda maktaba kumtafuta, na leo ninataka kuwasimulia habari zake, kwa sababu zimenifaa zaidi ya kadi.

Wilson Bentley alizaliwa tarehe 9 Februari 1865 katika kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani. Huko majira ya baridi ni marefu na theluji huanguka kwa wingi hadi ikafunika ua. Jamaa zake walikuwa wakulima wa ng'ombe wa maziwa. Mama yake aliwahi kuwa mwalimu, na ndiye aliyemfundisha nyumbani mpaka alipofika umri wa miaka 14. Basi mtu huyu hakuwa na chuo kikuu wala maabara. Alikuwa na mama, vitabu vya mama, na hadubini kuukuu ya mama.

Hadubini hiyo alipewa alipotimiza miaka 15. Wenzake wangeitazamia mdudu au jani, naye aliitazamia chembe ya theluji. Akashangaa. Kile ambacho kwa macho ni kidoa cheupe, chini ya hadubini kilikuwa fuwele, yaani kitu kigumu kilichojipanga kwa mistari na pembe kama chembe ya chumvi, lakini chenye urembo wa ajabu. Aliona miale sita, na kila mwale una vitawi vyake. Alitaka na wengine waone, kwa hiyo akaanza kuchora. Lakini utachora vipi kitu kinachoyeyuka kabla hujamaliza mstari wa pili? Kwa muda wa miaka mitatu hivi alichora, na kila mara theluji ilimshinda mbio.

Alisoma kwamba kuna kamera inayoweza kuunganishwa na hadubini. Bei yake ilikuwa kubwa mno kwa mkulima. Baba yake aliona mambo ya theluji ni upuuzi mtupu, maana ng'ombe wanangoja kukamuliwa na viazi vinangoja kuchimbwa. Hata hivyo, mama alimsihi, na mwishowe baba huyohuyo alikubali kamera ikanunuliwa. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini kidogo.

Msifikiri kwamba kamera ilimaliza taabu. Picha za mwanzo zilikuwa giza tupu. Hakuna aliyemfundisha, alijifunza kwa kukosea. Hatimaye tarehe 15 Januari 1885, kabla hajatimiza miaka 20, alifaulu kupiga picha ya chembe moja ya theluji kupitia hadubini. Anahesabiwa kuwa mmoja wa watu wa kwanza kabisa duniani kufanya hivyo.

Hebu niwaeleze jinsi alivyofanya kazi, maana hapa ndipo mwenye kutengeneza kadi ana la kujifunza. Theluji ilipoanza kuanguka alisimama nje na ubao mweusi mkononi. Kwa nini mweusi? Kwa sababu kitu cheupe huonekana vizuri juu ya cheusi. Alipopata chembe nzuri aliingia nayo katika banda lisilo na moto wowote, baridi yake sawa na ya nje. Akaigusa polepole kwa kijiti, akaihamishia kwenye kipande cha kioo, akailaza kwa unyoya wa ndege. Wakati huo alibana pumzi. Pumzi moja tu ya mwanadamu ingetosha kuiyeyusha. Kisha akaielekeza kamera mahali penye mwanga, akapiga. Baadaye, juu ya bamba la kioo lenye picha, alichukua kisu chenye ncha kali akakwangua pembezoni mwa umbo, ili picha ikitoka nyota iwe nyeupe juu ya nyeusi tititi. Kazi hiyo ilimchukua saa nyingi kwa picha moja.

Majirani walimwonaje? Kama ungemwonaje wewe jirani yako akisimama kwenye mvua na sinia! Na hilo pia alilifanya. Kati ya mwaka 1898 na 1904 alipima ukubwa wa matone ya mvua kwa njia ya unga. Alitandaza unga wa ngano laini ndani ya sinia, akauacha unyeshewe kwa sekunde chache. Kila tone liligeuka kidonge cha unga, akavikausha vidonge akavipima. Alifanya vipimo zaidi ya 300. Watu wa kijijini walimwona wa ajabu tu. Theluji wanayo bure hadi wanaichoka, mtu wa kuipiga picha ni wa nini? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini Bentley hakusifiwa, wala hakulitia maji. Aliendelea kulima, kukamua ng'ombe, kupiga piano yake jioni, na theluji ikianguka akatoka na ubao wake.

Mwaka 1898, akisaidiwa na profesa George Perkins wa Chuo Kikuu cha Vermont, alichapisha makala yake ya kwanza. Tangu hapo magazeti na vyuo vilianza kumwandikia. Nakala za picha zake aliziuza kwa senti 5 tu. Hakutajirika hata kidogo.

Wala sitaki kumfanya malaika. Palikuwa na mwanasayansi wa Ujerumani, Gustav Hellmann, aliyemlaumu. Hellmann alisema picha zinazokwanguliwa si picha za kuaminika, na kwamba theluji nyingi si kamilifu namna ile. Kwa kweli hoja ya pili ni sahihi. Chembe nyingi zinazoanguka huwa zimevunjika, zimegandana, au mwale mmoja ni mfupi kuliko mwingine. Bentley alizichagua zile nzuri. Yeye alijitetea kwamba kukwangua pembezoni hakubadilishi umbo lenyewe. Nami nafikiri wote wawili wana haki yao. Mjerumani alitaka theluji jinsi ilivyo kwa kawaida, na mkulima alitaka theluji jinsi inavyoweza kuwa. Nyota nzurinzuri zinazochorwa kwenye kadi ni za ukoo wa zile za mkulima.

Lakini kwa nini sita? Swali hili ni la kale. Mwaka 1611 Johannes Kepler, yule mnajimu mashuhuri, aliandika kijitabu kizima akiliuliza, wala hakupata jibu kamili. Leo tunajua kwamba molekuli za maji zinapoganda hushikana kwa mpango wa pembe sita. Chembe inapokua, pembe hizo hutangulia, na zikawa miale. Umbo hutegemea baridi na unyevu wa hewa. Zile nyota kubwa zenye vitawi hupatikana sana baridi ikiwa karibu nyuzi 15 chini ya sifuri. Miale yote sita hupita katika hewa ileile, ndiyo maana hufanana. Chembe nyingine hupita njia yake, ndiyo maana haifanani na jirani yake. Na kumetameta je? Fuwele ina nyuso bapa kama vioo vidogo vidogo. Ukisogea kidogo, kioo kimoja kinakurudishia mwanga, kingine kinazima.

Kumbe basi hata chumvi ina nyuso bapa! Nilirudi kazini na akili mpya. Nilikata duara la karatasi, nikalikunja katikati, halafu nikakunja mara tatu sawasawa, nikalikata pembeni kwa wembe. Nilipolifungua nilipata miale sita bila kupima. Nikalibandika juu ya manila nyeusi, kama ubao wa Bentley. Nikapaka gundi nyembamba, nikanyunyizia chumvi laini, na glita kidogo kwenye ncha tu. Nikakung'uta iliyozidi. Sisimizi walipita wakaenda zao. Angalieni tu kadi zikae mahali pakavu, maana chumvi huvuta unyevu. Nimesoma kwamba zamani huko Ulaya walitumia unga wa vioo kwenye kadi. Tafadhali msijaribu, vidole na macho hayana spea.

Bentley hakuoa. Aliishi katika nyumba ileile ya jamaa yake maisha yake yote, akapiga picha zaidi ya 5,000 za chembe za theluji. Mwaka 1924 chama cha wanasayansi wa hali ya hewa cha Marekani kilimpa ruzuku ya utafiti. Mwishoni mwa mwaka 1931 kitabu chake, alichokiandaa na mwanafizikia William Humphreys, kilitoka kikiwa na picha zaidi ya 2,400. Mwezi wa Desemba, akiwa na miaka 66, alitembea nyumbani kwa miguu kama kilomita 10 katika dhoruba ya theluji. Akashikwa na nimonia. Alifariki tarehe 23 Desemba 1931, siku mbili kabla ya Krismasi. Theluji aliyoipenda ndiyo iliyomsindikiza.

Ndugu wasomaji, nilidhani ninapewa kazi ya kupamba tu. Sasa ninajua kwamba hata pambo lina ukweli wake, na mtu fulani alisimama kwenye baridi miaka 46 ili sisi tuujue. Ukinunua kadi yetu, hesabu miale. Ukikuta minane, ujue ni ile yangu ya zamani, nirudishie.

Jambo moja la mwisho. Ijumaa jioni baba alirudi kutoka kazini akanikuta tena sakafuni na gundi. Nilijiandaa kwa manung'uniko, na kweli aliyatoa. Lakini aliponipita aliweka mezani bahasha kubwa. Ndani mlikuwa na mabaki ya manila nyeusi kutoka kazini kwao, zilizokatwa vizuri, kama 40 hivi. Hakusema neno. Kesho yake alfajiri nilimwekea kadi juu ya redio yake, yenye nyota moja tu, miale sita.