Allidina Visram: duka moja, halafu jingine



Katika mikutano ya vikundi vyetu hapa Luvungi kuna swali linalorudi kila mara: mtu aliyerudi toka ukimbizini na mikono mitupu ataanzia wapi? Wengine wanakaa wakingoja kapitali kubwa. Wengine wanashika mambo manne kwa siku moja, mpunga, mbuzi, mawese na nguo za mitumba, na kisha miezi mitatu hakuna hata jambo moja lililosimama. Sisi tunaofuatana na vikundi tumeyaona yote mawili. Kwa hiyo safari hii tunawaletea maisha ya mfanyabiashara aliyekufa zamani, zaidi ya miaka mia iliyopita. Usiseme yuko mbali na sisi. Duka lake moja lilikuwa Ujiji, pale karibu na Kigoma, ambako wengi wenu mlipita mkienda Nyarugusu ama mkirudi.

Jina lake ni Allidina Visram. Alizaliwa mwaka 1851 huko Kutch, magharibi ya India. Mwaka 1863, akiwa mtoto wa miaka 12, alivuka bahari kwa jahazi akafika pwani ya Afrika Mashariki. Hakuja na mali. Bagamoyo alipata kazi kwa Sewa Haji Paroo, tajiri aliyetayarisha misafara ya kwenda bara. Nguo na bidhaa zingine zilipanda toka pwani, na pembe za ndovu zilishuka, vyote vikiwa juu ya vichwa vya wapagazi. Tusifiche: biashara ile ilikuwa na jasho na mateso ya watu wengi. Hatuwaambii muige kila kitu chake. Tunataka tuangalie namna alivyotembea.

Kwanza alikubali kuwa msaidizi. Miaka ya kufanya kazi kwa mtu mwingine ilikuwa shule yake. Katika kazi ya misafara mtu alipaswa kujua kitambaa gani kinapendwa wapi, mzigo una uzito gani, nani analipa na nani halipi. Baadaye, miaka ya 1870, alianza kutuma misafara yake mwenyewe. Kisha akafungua duka, halafu jingine, akifuata njia ile ile aliyoijua, mpaka Tabora, mpaka Ujiji. Katika kila duka aliweka mtu wa kumwakilisha. Hiyo ndiyo hatua ndogo: hukimbii kwenda mahali usipopajua, unasogea mbele toka pale unapokanyaga tayari.

Sasa tuje kwenye yale ambayo hakuwa na uwezo juu yake. Mwaka 1888 vita viliwaka pwani, watu wa Abushiri wakipigana na Wajerumani, na Bagamoyo ilikuwa katikati ya moto. Mwaka 1891 Wajerumani wakahamisha makao yao makuu toka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Mwaka 1896 Waingereza wakaanza kujenga reli toka Mombasa kuelekea ziwa Victoria. Mtu wa misafara alipaswa kuogopa. Gari-moshi likifika, nani atalipa wapagazi tena? Mwaka 1897 Sewa Haji naye akafa.

Allidina Visram hakuweza kuzuia vita wala reli. Lakini aliweza kuchagua duka linalofuata litakaa wapi. Akalipeleka kwenye reli. Kadiri reli ilivyosonga, maduka yake nayo yalisonga, yakiuzia wafanyakazi chakula na vitu vya kila siku. Mwaka 1898 alikuwa amekwisha kufungua duka Kampala, wakati reli yenyewe ilifika ziwani mwaka 1901. Jambo lililotishia kuua biashara yake ya zamani, yeye alilifanya barabara ya biashara mpya.

Ndugu zetu, sisi pia tunaijua hali hiyo. Barabara ya Kamanyola kwenda Uvira inaweza kufungwa bila kutuuliza. Mto Ruzizi unaweza kujaa. Mchele wa ng'ambo unaweza kuingia sokoni na kuangusha bei ya mpunga wetu. Hayo hayako mikononi mwetu, na kuyalalamikia kutwa hakuongezi hata kilo moja. Lakini kukausha mpunga vizuri, kupima kwa kipimo kile kile kila siku, kuandika deni siku ile ile, kutochukua franga ya biashara kwenda kulipa sherehe, hayo ni yetu. Mama mmoja wa chama alikuwa anauza ndagala toka Uvira. Barabara ilipofungwa, hakufunga meza. Aliuza karanga za hapa hapa, kwa wateja wale wale, mpaka ndagala ziliporudi.

Kuna somo lingine, la kutotawanyika. Ukisikia kwamba Allidina Visram alikuja kuwa na maduka mengi Uganda na Kenya, tena viwanda vya kuchambua pamba na kukamua mafuta, utafikiri alishika kila kitu. Angalia vizuri. Maduka yake yalikuwa yananunua mazao ya wakulima: pamba, ufuta, karanga, ngozi. Kwa kuwa alinunua pamba, akaichambua. Kwa kuwa alinunua ufuta, akaukamua. Kila kazi mpya ilizaliwa na kazi ya kwanza. Ndiyo maana tunamwambia mkulima wa mpunga kwamba hatua yake ya pili inaweza kuwa kukoboa na kuuza mchele, kabla ya kufikiria kununua moto ya kubeba abiria.

Watu wa wakati wake walimwona kama mfalme wa Uganda asiye na taji. Lakini mwisho wake nao unafundisha. Alipokuwa katika safari ya biashara upande wa Congo alishikwa na homa, akafariki Kampala mwaka 1916. Mtoto wake Abdulrasul akashika usukani. Ndiye aliyejengesha shule Mombasa kwa kumbukumbu ya baba, na mpaka leo inaitwa Allidina Visram. Mwaka 1923 Abdulrasul naye akafa, na ile biashara kubwa ikavunjika. Nyakati zilikuwa ngumu baada ya vita vya kwanza vya dunia, ndiyo. Lakini sisi tunasoma hivi: kitu kilichosimama juu ya mtu mmoja kinalala pamoja naye.

Hapo tunasema kwa aibu, kwa sababu hata sisi tumeanguka. Kuna kikundi tulichofuatana nacho ambacho katibu peke yake ndiye alijua nani ana deni gani. Tuliona kaye iko nusu tupu, tukanyamaza, juu ya kuwa pesa zilikuwa zinarudi vizuri. Siku katibu alipougua na kupelekwa mbali, hakuna aliyejua hesabu. Mikutano iligeuka kuwa ugomvi, na wamama waliokuwa wameweka akiba ya shule ya watoto walikosa pesa wakati wa kuandikisha. Kosa lile si la katibu tu. Ni letu pia.

Ndiyo sababu sanduku la AVEC lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu. Hatukuziweka kwa kukosa imani. Tuliziweka ili mtu mmoja akiugua, kazi iendelee.

Kabla ya mkutano ujao tunaomba kila mwanachama afanye mambo matatu. Achague kazi moja tu ya msimu huu. Aandike katika kaye yake hatua moja ndogo ya wiki hii, ile iliyo mikononi mwake. Na aonyeshe kaye hiyo kwa mtu mwingine mmoja wa nyumbani, mke, mume ama mtoto mkubwa, mpaka aielewe.

Nanyi wafadhili wetu, mkija kututembelea, msituulize kwanza tuna wanachama wangapi. Ombeni kuona kaye, na muulize watu wangapi wanaweza kuisoma.