Herbert William Garratt: Mhandisi Aliyezishinda Kona

Wazee wetu waliosafiri kwa gari la moshi kati ya Mombasa na Nairobi katika miaka ya 1960 hawajasahau kile kichwa cha treni kirefu, chenye magurudumu mbele na nyuma na boila kubwa iliyoning'inia katikati. Wafanyakazi wa reli walikiita Garratt. Wengi walilizoea jina hilo, lakini ni wachache waliotambua kuwa lilikuwa jina la mtu. Leo tumekusudia kumweleza mtu huyo.

Herbert William Garratt alizaliwa London tarehe 8 Juni 1864. Mwaka 1879, akiwa kijana wa miaka 15, alianza kujifunza ufundi katika karakana ya reli ya North London, kisha akaendelea na mafunzo ya mitambo ya meli huko Sunderland. Mwaka 1889 alivuka bahari kwenda Argentina kufanya kazi ya reli, na baada ya miaka mitatu akawa msimamizi wa vichwa vya treni. Baadaye alitumika Cuba, Lagos katika Afrika Magharibi, Peru na Australia. Alirudi kwao Uingereza mwaka 1906.

Safari hizo zilimfunza jambo moja. Katika nchi zenye milima na fedha chache, reli haikutoboa mlima bali iliuzunguka. Hivyo kona zilikuwa kali na vyuma vya reli vyembamba. Mzigo mzito ulitaka injini yenye nguvu, na injini yenye nguvu ilihitaji magurudumu mengi ili uzito wake usivunje reli. Lakini magurudumu mengi yaliyofungwa katika fremu moja isiyopinda hayawezi kuifuata kona. Kingo zake husugua chuma cha nje, na kama wasemavyo wahenga, bandu bandu huisha gogo: gurudumu huliwa, reli huliwa, na mwisho treni huweza kuacha njia.

Kulikuwa na shida ya pili, nayo ni ya kulabu za kuungia mabehewa. Injini ndefu inapoingia kwenye kona, ncha yake hutokeza nje ya mstari wa reli na kuichukua kulabu pamoja nayo. Behewa linalofuata basi halivutwi mbele tu, bali huvutwa pia upande, na kani hiyo ya upande yaweza kuliangusha.

Wengine walikwisha kujaribu kabla yake. Robert Fairlie alipata hati ya uvumbuzi wa injini yenye magari mawili yanayogeuka mwaka ule ule wa 1864 aliozaliwa Garratt, lakini nafasi ya maji na makaa ilikuwa ndogo. Anatole Mallet naye aliifanya sehemu ya mbele peke yake igeuke, hivyo kichwa cha boila kikatokeza nje kwenye kona.

Garratt aliomba hati yake mwaka 1907. Aliigawa injini sehemu tatu. Mbele na nyuma aliweka magari mawili yenye magurudumu na pistoni, yakibeba maji na makaa. Katikati aliweka boila juu ya fremu iliyoegemea magari hayo kwa maungio yanayozunguka. Kwenye kona kila gari huifuata reli, na boila huelekea upande wa ndani kama uzi wa upinde. Kulabu zimefungwa kwenye magari, wala si kwenye boila, kwa hiyo huelekea kule iendako reli. Tena, kwa kuwa chini ya tanuri hapana magurudumu, tanuri laweza kuwa pana na lenye kina.

Kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester iliukubali mpango huo. Mwaka 1909 injini mbili za kwanza, K1 na K2, zilijengwa kwa ajili ya Tasmania, kwenye njia ya upana wa milimita 610 yenye kona za nusu kipenyo cha mita 30 hivi. Hazikukosa kasoro: pistoni ziliwekwa chini ya chumba cha dereva, naye akaungua kwa joto. Zilizofuata zilirekebishwa.

Garratt hakuyaona matunda makubwa ya kazi yake. Alifariki huko Richmond tarehe 25 Septemba 1913, akiwa na miaka 49. Baada yake zilijengwa injini zaidi ya 1,600 za aina hiyo duniani.

Afrika Mashariki ilizipokea za kwanza mwaka 1926. Kubwa kupita zote zilikuwa 34 za daraja la 59, zilizoletwa mwaka 1955 na 1956: kila moja tani 252 hivi, magurudumu 28, juu ya reli ya upana wa mita moja, nazo zikapewa majina ya milima yetu. Injini za dizeli ziliziondoa kazini kufikia mwaka 1980. Mbili kati yake, Mount Gelai na Mount Shengena, zilihifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi.

Hatusahau kuwa reli hizo zilijengwa kwa faida ya wakoloni, na kwamba waliopalilia moto na kuungua kwa joto lake walikuwa ndugu zetu. Hata hivyo kazi ya Garratt inatufaa kuikumbuka. Hakuitaka nchi maskini inyooshe reli yake kwanza ndipo ipate injini yenye nguvu. Aliichukua kona kama ilivyo, akaitengenezea injini inayoifuata.